Dawa ya Jicho Lililokufa

Ijumaa moja baada ya sala, nyumba yao ya mtaa wa Yaqutpura, Hyderabad, ikinukia dengu za ukwaju, Ammi alimpakulia mwanawe wali, akamwekea pande la nyama ukingoni mwa sahani, kisha akamshika mkono na kumwelekeza lilipo. Mubashir akacheka. Akasema hajafika huko bado, jicho moja linamtosha, na hata lisipomtosha pua anayo, nyama ya mama yake haijawahi kumpotea. Ammi hakucheka. Alimgeukia binti yake mkubwa, aliyekuwa anakula kimya, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Nuzhat, wewe umewaponya sungura. Mimi sikuzaa sungura."

Nuzhat akalirudisha tonge sahanini. Lililosemwa lilikuwa kweli.

Nuzhat alikuwa mtaalamu wa protini katika maabara moja nje ya mji, kule Shamirpet, kwenye yale majengo ya vioo yaliyoota kati ya majabali. Kwa miaka mingi yeye na wenzake walikuwa wakihangaika na ugonjwa mmoja tu, uvimbe wa ndani ya jicho. Huu si ule wekundu wa vumbi unaooshwa kwa maji ya waridi ukaisha. Askari wa mwili wenyewe hupotewa na akili, wakaivamia nyumba waliyowekwa kuilinda, na jicho likawaka moto kwa ndani mpaka likafa. Dawa waliyokuwa wakiitengeneza ilikuwa protini, kitu cha ukoo mmoja na ute wa yai, iliyofumwa na bakteria ndani ya tangi. Ikidungwa jichoni huwanasa wale wajumbe wanaokwenda kuwaita askari, na moto hufifia kwa kukosa wa kuuchochea. Sungura waliotiwa ugonjwa ule kwa makusudi, macho yakawavimba na kujaa ukungu, walidungwa protini hiyo, na baada ya siku chache macho yakarudi kung'aa kama ya sungura mwingine yeyote.

Majirani waliamini kwamba Nuzhat aliichagua kazi ile kwa ajili ya mdogo wake. Laiti wangejua. Kazi ilianza kwanza, na ugonjwa ukaja nyuma yake, kana kwamba ulimfuata kutoka kazini mpaka nyumbani.

Mubashir alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya wavulana, na Jumapili alikuwa mwamuzi wa kriketi kwenye viwanja vya vumbi vya mji wa kale. Alijulikana kwa ukali wake na kwa jicho lake. Akiinua kidole, umetoka, hata uwe mtoto wa diwani. Kisha siku moja akamtoa mpigaji kwa mpira uliopita mbali na fito anazozilinda, na wiki iliyofuata akafanya hivyo tena. Vijana wakaanza kumtania. Mmoja alimwuliza kama miwani yake amepimiwa na mama mkwe. Mwingine akamletea fimbo ya kipofu katikati ya uwanja, watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Jioni ile ndipo alipomwambia dada yake kwamba anaona nzi weusi wakipita ndani ya jicho la kulia, na nyuma yao pazia la moshi.

Walimpeleka kwa daktari Raghav, bingwa wa macho ambaye hospitali yake ilikuwa ikishirikiana na maabara ya Nuzhat. Alimpa matone, kisha vidonge vya steroidi. Vidonge vikauzima moto, lakini vikachukua ujira wao. Uso ulimvimba kama mkate uliolowekwa kwenye maziwa, sukari ikapanda, na presha ya jicho ikapanda mpaka ikaubana mshipa wa kuonea na kuuua. Jicho la kulia likabaki pale usoni, jekundu, lenye maumivu, kama dirisha la nyumba iliyohamwa. Baada ya muda, la kushoto nalo likaanza kuona nzi.

Zilikuwako sindano nyingine, za kujulikana, ambazo hudungwa tumboni na kuutuliza mwili mzima. Lakini Mubashir aliugua kifua kikuu utotoni, na ugonjwa ule haufi, hulala tu. Sindano zile zinawalaza walinzi wote wa mwili. Daktari Raghav alijaribu kwa hadhari, kwanza akampa vidonge vya kukinga, lakini hata hivyo homa ikaja, na baada ya homa kikohozi, na baada ya kikohozi damu. Wakaacha. Mlango ule ulifungwa na ufunguo ukatupwa. Uliobaki ni mmoja tu, na uliobaki ulikuwa kwenye friji la kazini kwa Nuzhat, dawa inayoingia jichoni, inayofanya kazi jichoni na kuishia humohumo.

Jumatatu baada ya ile Ijumaa, Nuzhat alikwenda kwa mkuu wa maabara, daktari Anasuya, mama wa Kitelugu asiyekosa kishada cha asmini kichwani wala hasira mdomoni. Alimweleza kila kitu, akamwomba jambo ambalo alikuwa amejiapiza hataliomba, kwamba ndugu yake apewe dawa kwa njia ya huruma, kabla ya ruhusa ya serikali. Anasuya alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwagiza kahawa. Akasubiri aimalize.

"Nikimfungulia ndugu yako mlango," akasema, "kesho nitamwambia nini mama mwenye mtoto mgonjwa? Na hata kama ningetaka, dawa ya mkupuo mpya hatujaijua. Tangi ni jipya, kubwa. Subiri sungura waseme."

"Sungura walishasema, Madamu."

"Wale walikunywa kwenye chungu kidogo. Hiki ni chungu cha harusi."

Nuzhat alishukuru kwa kahawa. Alitoka akijua kwamba Anasuya hakusema uongo hata neno moja, na kwamba yeye hatamtii.

Alhamisi, sungura wa majaribio walidungwa dawa ya mkupuo mpya. Kazi ilipokwisha, Nuzhat alibaki kusafisha meza, akachukua kichupa kimoja, akakizungushia barafu, akakitia kwenye mkebe wake wa chakula. Aliiba. Hana jina jingine alilokipa kitendo kile, wala hajawahi kulitafuta. Mlinzi wa getini alimtania kama kabakisha biriani ili akamsaidie, naye akamjibu kwamba leo biriani imekwisha, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine.

Nyumbani alikificha nyuma ya chupa ya tangawizi na kitunguu saumu. Alimwita Mubashir jikoni, akamwekea kichupa mkononi. Mdogo wake alikileta karibu kabisa na jicho la kushoto, akakizungusha kwenye mwanga.

"Apa," akasema, kwa jina analomwitia dada yake mkubwa, "ndiyo hii? Haina hata rangi."

"Haina."

"Nidunge sasa hivi, kabla hujabadili mawazo."

Nuzhat alimweleza kwamba yeye si daktari wa macho. Sindano ya ndani ya jicho ina mahali pake padogo sana, na ukikosea kwa unywele unaitoboa lenzi. Kesho atakwenda kumwomba daktari Raghav. Mubashir akakubali, akaomba akishike kichupa kidogo zaidi. Nyuma ya pazia la mlango Ammi alikuwa amesimama na sinia la mchele, na hakuna aliyemwona.

Kesho yake daktari Raghav alikuwa safarini, kwa hiyo Nuzhat alimpata Jumamosi asubuhi, kabla hajaanza kuona wagonjwa. Alifunga mlango, akasema alichokuja kusema. Raghav aliivua miwani yake akaiweka mezani. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, kama dawa ya mkupuo ule imeshaingia katika kiumbe chochote chenye uhai. Nuzhat akasema imeingia kwa sungura, juzi.

"Na macho yao yakoje?"

"Sijayaona. Jana nilikuwa hapa nikikutafuta."

"Basi nenda ukayaone," akasema Raghav. "Umekuja kuniomba niyaone matokeo mimi kwanza, kwenye jicho la mwisho la ndugu yako."

Nuzhat aliondoka pale akiwa na aibu na hasira, na zaidi ya vyote na hofu ambayo hakuwa nayo alipoingia. Alipanda bajaji moja kwa moja mpaka Shamirpet. Chumba cha wanyama kilikuwa kimya. Mlishaji alikuwa ameshusha mapazia, na hilo peke yake lilimwambia jambo, maana mapazia hushushwa pale mwanga unapowaumiza. Alimtoa sungura wa kwanza, akamgeuza uso. Jicho lilikuwa jeupe kama mtindi. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa amejikunyata pembeni na usaha umemgandisha kope. Wale waliodungwa maji ya chumvi tu, wasiopewa dawa, walikuwa na nafuu kuliko wao.

Nuzhat alielewa pale pale, akiwa bado amempakata sungura wa tatu. Bakteria wanaofuma protini wana maganda, na maganda yale yana sumu. Kazi ya kuosha sumu ile ni nusu ya kazi yote. Kwenye tangi dogo waliiosha ikatoka. Kwenye tangi kubwa haikutoka. Na kichupa kilichokuwa nyuma ya chupa ya tangawizi kilijazwa kutoka tangi lilelile.

Alipiga simu nyumbani. Simu ya Ammi iliita mpaka ikakata. Akampigia Mubashir. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wengi na mtu anatapika.

"Tuko kwa Ghaus," akasema. "Kompaunda wa Talab Katta. Ammi kanileta."

"Mmefuata nini huko?"

Nyuma yake sauti ya Ammi ikauliza kama zamu yao imefika, na Nuzhat akapata jibu lake. Ghaus alikuwa mchanganya dawa aliyemtumikia daktari mmoja mpaka daktari akafa, naye akarithi kiti. Alidunga sindano za homa, alitundika maji, alitoboa majipu. Ammi alikuwa amekuta kichupa, akakivika kitambaa kibichi, akamshika mwanawe mkono.

"Toka hapo," Nuzhat akasema. "Dawa ile ni mbovu. Nimewaona sungura sasa hivi, macho yao yameoza. Mubashir, unanisikia?"

"Raghav alikukatalia, siyo?"

"Alinikatalia, lakini siyo..."

"Basi umeogopa. Umeogopea kazi yako, Apa. Sikulaumu. Lakini mimi naogopea kitu kingine."

Simu ikakatika, na alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Kutoka Shamirpet mpaka Talab Katta ni kuuvuka mji mzima, na Jumamosi mji wa Hyderabad hauvukiki. Dereva wa bajaji alimwuliza kama kuna msiba. Nuzhat akasema bado. Hakulia njiani. Alikuwa akiwaza juu ya sindano ile, saizi yake, na mkono wa Ghaus, na kwamba dawa iliyomo ameitengeneza yeye kwa mikono yake na kuibeba yeye kwa mikono yake, na kwamba kama isingekuwa yeye ndugu yake angekuwa sasa hivi nyumbani na nusu ya jicho lake salama.

Kilichomponya Mubashir siku ile si elimu ya mtu. Ilikuwa harusi. Usiku uliotangulia watu walikula nyama iliyochacha kwenye harusi moja ya mtaa ule, na tangu alfajiri Ghaus alikuwa akiwatundikia maji wageni wa bi harusi, chupa zikining'inia kwenye misumari ya dirisha na nyingine kwenye kamba ya nguo. Mgonjwa wa jicho aliambiwa asubiri. Zamu yake ilifika Nuzhat akiwa anateremka kwenye bajaji.

Aliingia akawakuta chumba cha ndani. Mubashir amelazwa kwenye benchi. Ammi amemshika kichwa kwa mikono miwili, anasoma dua kwa midomo tu. Ghaus ameinua bomba la sindano kwenye mwanga wa taa, anatoa hewa.

Nuzhat alilinyakua. Ghaus akarudi nyuma akisema yeye hana neno, mama ndiye aliyemwambia bintiye ni daktari mkubwa na dawa ni yake. Mubashir akainuka.

"Nirudishie."

"Siwezi."

"Ni jicho langu, Apa! Lako? Nirudishie!"

"Ikiingia dawa hii, kesho huna hata hicho unachokiona sasa. Wallahi. Nimewashika kwa mikono yangu."

"Sungura ni sungura. Mimi ni mtu. Huenda kwangu ikafaa."

"Sumu haichagui."

Mubashir alinyoosha mkono kuutafuta mkono wa dada yake, akaukosa, akashika hewa upande wa pili kabisa. Wote watatu waliliona hilo. Nuzhat akasogea kwenye beseni la kunawia, akasukuma bomba mpaka mwisho, akakifuatisha kichupa na kilichobaki. Yalikuwa maji tu ukiyatazama, yakashuka na sabuni.

Ammi alimpiga kofi. Hakuwahi kumpiga tangu akiwa mtoto, na mkono wake ulikuwa umesahau namna, ukampata shingoni.

"Umemwaga jicho la mwanangu," akasema.

Hakumsemesha tena. Si siku ile, si mwezi ule.

Jumatatu Nuzhat alimweleza Anasuya habari za kichupa. Alitarajia kufukuzwa. Badala yake Anasuya akamwondoa kwenye wanyama, akamwondoa kwenye vikao, jina lake likatolewa kwenye kila kitu kitakachoandikwa juu ya dawa ile, akampeleka kwenye uoshaji. Kule ndiko alikoshinda tangu asubuhi mpaka jioni, akiipitisha protini kwenye mirija, akiipima sumu, akiipitisha tena. Sumu ikipungua, protini nayo inapungua. Akiishika protini, sumu inabaki nayo kama kupe. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa chuki kama ile, wala kwa bidii kama ile.

Na jicho la kushoto halikusubiri. Kwanza Mubashir aliacha magazeti. Kisha akaacha kuvuka barabara peke yake. Shule ikampa likizo, halafu ikampa maneno mazuri na mwalimu mwingine. Vijana wa kriketi walikuja kumwona, wale wale wa fimbo, wakakaa ukutani wameinamisha vichwa, na yeye ndiye akawa anawachekesha. Walipoondoka alilala kifudifudi mpaka magharibi.

Asubuhi moja Nuzhat alikuwa anavaa viatu aende kazini, akaitwa.

"Simama pale dirishani, Apa. Hapo hapo penye mwanga."

"Kuna nini?"

"Nataka nikuweke kichwani. Ammi nimeshamweka jana, alikuwa anachambua mchicha, hakujua. Geuka kidogo. Hapana, usitabasamu, hicho si kitu unachokifanya kila siku."

Alisimama. Mubashir alimtazama kwa namna ya mtu anayesoma sura ya mwisho kabla ya taa kuzimwa. Ammi alikuwa mlangoni. Aliweka chini ndoo aliyoshika, akatoka uani, wakasikia bomba la maji likifunguliwa na kuachwa wazi.

Ruhusa ya serikali ilikuja mvua za masika zilipokwisha. Mkupuo uliooshwa upya ulikuwa umepita kwa sungura, ukapita kwa nyani, na macho yao yalibaki safi. Majaribio ya watu yangefanyika kwa daktari Raghav, na Mubashir alikuwa na sifa zote. Walikwenda watatu. Nuzhat alikaa nyuma, maana kwa kuwa ni ndugu hakuruhusiwa kuwa na sauti. Raghav akaeleza, na alipofika kwenye sharti lenyewe akalisema polepole. Dawa inaingia kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Awamu hii haitafuti uponyaji, inatafuta usalama. Kwa hiyo itadungwa kwenye jicho lililo baya zaidi.

Ilimchukua Ammi muda kuelewa. Alipoelewa alisimama.

"Daktari, unataka kumpa maiti dawa, na aliye hai umwache afe?"

"Mama, hatujui kama ni dawa," akasema Raghav. "Ndiyo maana tunaanza na jicho lisilo na cha kupoteza."

"Na mimi? Mimi nina cha kupoteza?"

Raghav alisogeza karatasi katikati ya meza. Mubashir ndiye aliyeuliza penye kuwekwa sahihi, akaomba aelekezwe kidole. Alisema jicho la kulia limekaa bure muda mrefu, acha lifanye kazi. Likioza, litakuwa limeoza lililooza. Moto ukitulia humo, basi mtu atakuja kubisha hodi kwa ajili ya lile jingine.

Siku ya sindano Nuzhat na Ammi walikaa kwenye benchi moja ukumbini, kati yao nafasi ya mtu mmoja. Nuzhat alijua kila kilichomo ndani ya lile bomba. Alijua pia kiasi cha sumu ambacho vipimo haviwezi kukiona, kile kidogo ambacho husemwa ni salama kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kikidhuru. Alikuwa akikifikiria hicho kidogo. Mlango ulipofunguliwa na Mubashir akatolewa na bandeji, wote wawili walisimama kwa pamoja, na hawakutazamana.

Siku ya kwanza jicho liliuma. Nuzhat hakulala. Siku zilizofuata maumivu yalipungua, na baada yake yakaisha kabisa, yale maumivu ambayo Mubashir alikuwa ameyazoea hata akasahau kwamba si sehemu ya uso wake. Wekundu ukaondoka. Juma la tatu alikuwa amekaa mkekani, jicho la kushoto amelifunika kwa kiganja kulipumzisha, akasema:

"Kuna mtu amepita."

Alikuwa Ammi, akielekea jikoni. Alisimama kama aliyeitwa na polisi. Akarudi. Akapita tena. Mubashir akageuza kichwa akamfuata, kutoka ukuta mpaka ukuta, kwa jicho ambalo lilikuwa limekwisha kuzikwa.

Halikuona zaidi ya hapo. Mshipa uliokufa haufufuki, na kivuli kile ni kile tu kilichokuwa kimesalia nyuma ya moshi. Mgonjwa mwingine wa majaribio, bibi mmoja kutoka Nalgonda, hakupata hata hicho. Lakini hakuna aliyedhurika, na Raghav akaandika kwa kamati inayosimamia majaribio akiomba jicho la kushoto la Mubashir liruhusiwe. Kamati ilikutana. Kamati ikaahirisha. Kamati ikataka maelezo zaidi. Nuzhat alikwenda mara mbili kusimama nje ya mlango wao, akitaka tu waone uso wa mtu, na mara zote mbili karani alimwambia kwa upole kwamba ndugu hawaruhusiwi. Wiki hizo moto wa jicho la kushoto ulikuwa umefika katikati kabisa, kwenye kile kitone kidogo ambacho binadamu husomea na kutambulia nyuso. Kitone kikajaa maji, kikavimba, na kilipokaa katika hali hiyo kwa muda, kikaanza kukauka.

Ruhusa ilipokuja, dawa ilifanya kazi yake. Moto ulizimika. Ila kilichokwisha kuungua kilikuwa kimeungua.

Mubashir sasa anaona pembeni. Anaona mlango ulipo, ngazi, pikipiki inayokuja, paka juu ya ukuta. Akikutazama usoni moja kwa moja, uso wako unakuwa tundu. Akitaka kukuona sharti atazame kando yako, begani, na wasiomjua hudhani anawadharau. Anatembea peke yake mpaka msikitini na kurudi. Shule ilimchukua tena, nusu siku, kufundisha mazoezi ya viungo, kwa kuwa kwa hilo sauti inatosha. Raghav anamwambia yuko miongoni mwa waliobahatika, naye hujibu kwamba anaamini, ila bahati yenyewe hajaiona sura.

Wanarudi hospitali kila mara kwa sindano. Siku moja walipokuwa wakisubiri, alikuja mama mmoja kutoka Bidar na binti yake aliyefunikwa kichwa chote kwa shali kwa ajili ya mwanga. Binti alikuwa bado mdogo, wa kusukwa nywele mikia miwili. Yule mama alikuwa amepewa karatasi za majaribio na hakujua kusoma, akamwuliza Ammi, kwa kuwa Ammi alionekana mwenyeji, kama watu hawa wa dawa mpya ni wa kuaminiwa.

Ammi aliinamisha kichwa akaitazama mikono yake. Nuzhat alikuwa upande wa pili wa ukumbi, ameleta chai, anasita na vikombe kama alivyozoea kusita mbele ya mama yake tangu siku ile ya Talab Katta.

"Nuzhat," Ammi akasema.

Nuzhat akaviweka vikombe chini.

"Njoo umweleze huyu mwenzangu. Mweleze yote, hata mabaya. Usimfiche kitu."

Alisogea upande, benchi likapata nafasi. Nuzhat akaketi kati yao wawili. Alianza na mabaya, kama alivyoambiwa, na alipofika katikati yule mama wa Bidar alikuwa analia, na Ammi alikuwa ameuchukua mkono wa yule binti, anaupapasa, anamwuliza jina lake nani na amekula nini asubuhi. Mubashir alipoitwa ndani, mama wa Bidar alikuwa hajaamua. Alisema atarudi nyumbani kwanza amwulize mume wake, na basi lao ni la saa nane.